Ukuta Unapasuka Juu, Ugonjwa Uko Chini: Udongo, Msingi na Kazi ya Pamoja Butembo na Beni

Makala hii ni ya wote, juu kila mmoja wetu siku moja atajenga, ao atamsaidia mzazi kujenga, ao ataitwa kusuluhisha jirani wawili wanaogombana sababu ya ukuta. Na hapa kwetu Butembo na Beni nyumba si kitu kidogo. Ni kakao ya miaka kumi. Ni safari za kwenda kununua bidhaa mbali na kurudi na deni. Ni likelemba ya akina mama sokoni. Pesa hiyo yote tunaiweka juu ya udongo ambao, tuseme ukweli, hatukuuangalia hata dakika kumi na tano.

Ukuta ukipasuka tunalaumu simenti. Mlango ukikataa kufunga tunalaumu fundi wa mbao. Lakini mara nyingi simenti haina kosa wala mbao haina kosa. Ugonjwa uko chini, pale ambapo hakuna anayeangalia tena kisha msingi kufunikwa. Basi leo tuongee juu ya mambo mawili: udongo wetu unafanyaje kazi, na kwa nini hakuna mtu mmoja, hata awe na diploma gani, anayeweza kuujua peke yake.

1. ARDHI YETU IKOJE

Butembo iko juu ya milima, zaidi ya mita 1,700 toka usawa wa bahari, na ikweta inapita karibu kabisa, upande wa kusini. Mvua inakuja misimu miwili kwa mwaka. Mji umepanda vilima na umeshuka mabondeni, mto Kimemi ukiwa katikati. Beni iko kilometa 54 kaskazini, chini zaidi, ina joto zaidi, na inaelekea msitu na bonde la Semuliki. Mashariki yake kuna Ruwenzori yenye kilele cha mita 5,109. Sisi sote tunaishi pembeni ya Bonde la Ufa, na bonde hilo halijalala. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Ruwenzori, mpakani kwa Uganda na Kongo, likaua watu zaidi ya 100 na kubomoa nyumba nyingi. Wazee wanalikumbuka. Sisi tunajenga sawa vile halikutokea.

Juu ya vilima tunakuta udongo mwekundu. Huo ni mwamba wa zamani uliooza polepole kwa joto na mvua ya miaka mingi sana. Unaweza kuchimba mita nyingi bila kufika kwenye jiwe zima. Wakati wa kiangazi udongo huu unadanganya: unaukata wima mita tatu, unasimama kama ukuta, na mwenye parseli anasema, "Hapa pagumu, hapana haja ya ukuta wa kuzuia." Mvua ya Oktoba ikifika, ukingo ule ule unashuka usiku.

Kwa nini? Ukumbuke watoto wanavyocheza na mchanga mtoni. Mchanga mkavu kabisa haushikani. Mchanga wenye unyevu kidogo unafanya donge zuri. Ukimwaga maji mengi, donge linayeyuka. Yale maji kidogo katikati ya chembe yanazivuta pamoja, yanakuwa kama gundi. Udongo wetu mwekundu una gundi yake kutokana na madini yaliyomo, lakini sehemu kubwa ya nguvu unayoiona wakati wa kiangazi ni mvuto huo wa unyevu. Maji yakijaa, mvuto unaisha. Ndiyo maana mhandisi anayekagua kiwanja mwezi wa saba tu hajakagua kitu. Lazima aulize kiwanja kile kinakuwaje mwezi wa kumi na moja.

Mabondeni ni hadithi ingine. Kule tunakuta udongo mweusi, wenye majani na mizizi iliyooza, na maji yako karibu. Udongo huo ni kama godoro. Ukiweka mzigo unashuka, na haushuki siku moja: maji yaliyomo ndani yanakamuliwa polepole, miezi na miaka. Mtu anajenga, anahamia, anafanya sherehe, kisha mwaka wa pili nyumba inaanza kuinama. Karl Terzaghi, mtu ambaye wengi wanamwita baba wa elimu ya udongo, alieleza jambo hilo kwa hesabu katika kitabu chake cha 1925. Ni karibu miaka 100 sasa. Elimu iko. Kinachokosa ni kuishusha hadi kwenye shimo la msingi wa kwetu.

2. UGONJWA WA NUSU-NUSU

Kama kuna ugonjwa mmoja wa nyumba za Butembo ambao kila mtu anapaswa kuujua, ni huu. Parseli iko kwenye mteremko. Mwenye nyumba anataka sehemu ya sawasawa. Wanakata upande wa juu, udongo uliokatwa wanautupa upande wa chini, wanasawazisha kwa jembe na beleshi, wanakanyaga kwa miguu, na wiki ijayo wanaanza msingi. Sasa nusu ya nyumba iko juu ya ardhi ya asili iliyobanwa kwa karne nyingi. Nusu ingine iko juu ya udongo wa juzi.

Tufanye hesabu. Tuseme udongo uliojazwa una kimo cha mita 1.5. Ukishuka asilimia 4 tu, ni sentimita 6. Upande wa pili haushuki kitu. Kuta za matofali zinaanza kupasuka wakati sehemu moja imeshuka kuliko ingine kwa kiasi cha moja juu ya mia tatu ya umbali kati yake. Kwa ukuta wa mita 4, hiyo ni kama sentimita 1.3. Sisi tumefika 6! Hapo hata ungeleta simenti ya wapi, ukuta utapasuka. Na utaujua kwa alama yake: ufa unaotembea kwa ngazi, tofali kwa tofali, kutoka kona ya dirisha kwenda chini ao juu.

Dawa iko, na si lazima iwe ya gharama. Kwanza, kama inawezekana, shusha misingi yote ifike ardhi ya asili, hata kama upande wa chini itakuwa mirefu zaidi. Msingi unashuka kwa ngazi kufuata mlima, na kila ngazi iko sawasawa, hailali kwa mteremko. Pili, kama lazima ujaze, jaza kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka upige kabla ya kuongeza ingine. Tatu, angalia maji. Mwaka 1933 mhandisi Mmarekani Ralph Proctor alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha unyevu ambapo unabanika vizuri kuliko vingine. Ukiwa mkavu sana, chembe zinakataa kusogea. Ukiwa na maji mengi, maji yanachukua nafasi. Masoni mzuri anakijua kiasi hicho bila kumsoma Proctor: anafinya udongo mkononi, unafanya donge, analiachia toka kimo cha kifua, linavunjika vipande vichache bila kutawanyika kama unga na bila kulala kama ugali. Proctor na masoni wanasema neno moja. Shida ni kwamba hawakutani.

3. MZIGO NA UPANA

Watu wengi wanafikiri msingi wenye nguvu ni msingi wenye simenti nyingi. Lakini udongo haujui simenti. Udongo unajua kitu kimoja: ni kilo ngapi zinakaa juu ya kila sehemu yake.

Chukua ukuta wa nyumba ya chini unaoleta tani 2 kwa kila mita ya urefu. Ukiweka msingi wenye upana wa sentimita 40, udongo unabeba tani 5 kwa mita ya mraba. Ukipanua hadi 60, mzigo ni tani 3.3. Hujaongeza ubora wa simenti, umeongeza upana tu, na umepunguza mzigo kwa theluthi moja. Juu ya udongo mwekundu mgumu, tani 5 si tatizo. Juu ya udongo mweusi wa bondeni, inaweza kuwa tatizo kubwa.

Kama udongo ni dhaifu zaidi, kuna njia ya radie, yaani betoni yenye vyuma inayotandazwa chini ya nyumba nzima, nyumba inakaa juu yake kama mtumbwi. Lakini radie inakula vyuma na pesa. Kabla ya kuikimbilia, uliza kwanza: je, nyumba hii lazima ijengwe hapa? Je, inaweza kusogezwa mita nane? Wakati mwingine uvumbuzi mkubwa kuliko yote kwenye shantie ni kusogeza kamba.

Na juu ya misingi, usisahau mkanda wa betoni wenye vyuma unaozunguka kuta zote, ule mafundi wetu wanaita shenaji. Mmoja chini, mmoja juu ya madirisha. Hauzuii udongo kushuka, lakini unashika kuta pamoja ili zisitawanyike. Katika nchi ya matetemeko hiyo ni kama mshipi wa usalama. Wanaouondoa ili wapunguze gharama wanauza mshipi ili wanunue rangi.

4. MAJI NYUMA YA UKUTA

Tutembee sasa kwenye kuta za kuzuia udongo, zile tunazoziona kila avenue ya Butembo. Watu wanashangaa: ukuta wa mita mbili umesimama miaka ishirini, na wa jirani wa mita nne, uliojengwa na fundi yule yule kwa mawe yale yale, umeanguka. Sababu ni hii: nguvu ya udongo inayosukuma ukuta haiongezeki sawasawa na kimo. Ukiongeza kimo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne, na uwezo wake wa kupindua ukuta unaongezeka mara nane. Ukuta wa mita nne si kuta mbili za mita mbili. Ni mnyama mwingine kabisa.

Na maji ni mabaya zaidi. Ukuta wa mita 3 wenye udongo wa kawaida mkavu nyuma yake unasukumwa na kama tani 2.7 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Nyuma yake kukijaa maji, msukumo unafika karibu tani 5.8. Zaidi ya mara mbili, bila mtu kuongeza kitu, ila mvua tu. Ndiyo maana yale matundu madogo kwenye ukuta, na kokoto nyuma yake, si mapambo. Ndiyo uhai wa ukuta. Na ndiyo maana fundi anayeziba matundu eti "maji yanachafua ukuta" anauua ukuta huo kwa mkono wake.

Maji hayo yanatoka wapi? Mengine ni yetu wenyewe. Paa la mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Mvua moja ya milimita 30, na huku kwetu hiyo si mvua ya kushangaza, inashusha kutoka manjanja hayo lita 2,400. Ni bidoni 120 za lita 20, kwa saa moja, kwa nyumba moja. Sasa hesabu nyumba ngapi ziko juu yako kwenye kilima. Kama hakuna mfereji, bidoni hizo zote zinakuja kwenye msingi wako ao nyuma ya ukuta wa jirani wa chini. Hapo hata mhandisi bora hawezi kuokoa parseli moja peke yake. Mlima mzima ni shantie moja.

5. NANI ANAJUA NINI

Sasa tufike kwenye kiini. Udongo hauonekani. Kila mtu anajua kipande chake tu. Tuwataje.

Mchimba visima na mchimba vyoo. Huyu ndiye maktaba ya kartie. Anajua wapi alikuta maji kwa mita tatu, wapi alikuta jiwe, wapi shimo lilibomoka. Ni nadra sana kumkuta kwenye mkutano wa shantie.

Mzee wa kartie. Anajua kwamba pale penye parseli nzuri ya sawasawa palikuwa shimo la kufyatulia matofali, ao jalala, ao njia ya zamani ya kijito. Ramani haionyeshi. Yeye alicheza pale akiwa mtoto.

Masoni. Anajua udongo kwa mkono. Jembe likigonga linatoa sauti, na yeye anasikia sauti ikibadilika. Lakini kama amefundishwa kwamba kazi yake ni kutii tu, atanyamaza.

Wasaidizi wanaochimba msingi. Ndio wa kwanza kuona mahali udongo umebadilika rangi. Wengi wanalipwa kwa mita, kwa hiyo kusema "hapa pako laini" ni kujipunguzia franga. Tukiwalipa hivyo, tusishangae wakinyamaza.

Jirani wa juu na jirani wa chini. Wa juu ana maji yanayokuja kwako. Wa chini atapokea ya kwako. Wote wawili ni sehemu ya msingi wako, upende usipende.

Mhandisi. Anajua hesabu, anajua kwa nini, anaweza kuunganisha habari hizi zote na kutoa uamuzi. Lakini kama amekuja na plani iliyonakiliwa kutoka parseli ingine, elimu yake yote haina kazi.

Na mwenye nyumba. Huyu ana pesa na ana haraka. Mara nyingi anamwita mhandisi wakati ufa umeshaonekana, sawa mgonjwa anayekwenda hospitali kisha kumaliza waganga wote.

Kazi ya pamoja, basi, si neno la kupamba hotuba. Katika kazi ya misingi ina maana moja ya kawaida kabisa: kukusanya vipande hivi kabla ya kumwaga betoni. Saa moja tu, asubuhi moja, kiwanjani, watu hawa wamesimama pamoja. Mhandisi anauliza, hasemi. "Papa, hapa palikuwa nini zamani?" "Fundi, ungekuwa wewe, ungechimba hadi wapi?" Na baadaye, kanuni moja ya shantie: mtu yeyote, hata yule mdogo anayebeba maji, akiona udongo umebadilika, ana haki ya kusimamisha kazi na kuita. Asifokewe. Asikatwe franga. Saa moja ya kusimama inaweza kuokoa nyumba.

Kuna aibu pande zote mbili, na tuiseme. Kijana aliyemaliza chuo juzi anaogopa kumuuliza masoni mwenye umri wa baba yake, asije akaonekana hajui. Masoni naye anaogopa kumrekebisha "injenieri", asije akaonekana hana adabu. Kati ya aibu hizo mbili nyumba inaanguka. Ninyi wahitimu ndio mnaoweza kuvunja ukimya huo kwanza. "Mzee, nifundishe hapa" haijapunguza diploma ya mtu yeyote.

6. MNARA ULIOOKOLEWA NA KIKUNDI

Mfano kutoka mbali kidogo. Mnara wa Pisa, Italia, ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini. Ulianza kuinama ukiwa bado unajengwa. Mwaka 1990 ulifungwa kwa watalii juu ya hatari, na kamati ikaundwa: wahandisi wa udongo, wahandisi wa majengo, wataalamu wa historia na wa kutunza majengo ya zamani. Waligombana sana, maana mmoja alitaka nguvu na mwingine alitaka jiwe lisiguswe.

Mwaka 1995 walijaribu njia moja ya kugandisha udongo ili wafanye kazi chini. Mnara ukaanza kusogea. Waliokoka kwa sababu vyombo vya kupimia vilikuwa vinasomwa muda wote, wakaona, wakasimama, wakaongeza uzito wa risasi upande wa pili. Mwisho, njia iliyofaulu ilikuwa ya kushangaza kwa urahisi wake: badala ya kuinua upande ulioshuka, walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini uliobaki juu, mnara ukajirudisha wenyewe. Karibu nusu digrii. Ulifunguliwa tena Desemba 2001.

Tujifunze nini? Wazo la kutoa udongo halikuwa jipya, lilikuwa limependekezwa tangu miaka ya 1960. Kilichokuwa kipya ni kikundi kilichokubali kupima kila siku, kusikiliza, na kubadili njia bila kuona haya. Mwaka 1969 mhandisi Ralph Peck alieleza vizuri namna hiyo ya kufanya kazi: anza na makisio mazuri, angalia ardhi inafanya nini, na uwe umeshaandaa mapema utafanya nini kama itakataa. Hiyo haihitaji mashine za Italia. Inahitaji daftari na unyenyekevu.

7. UVUMBUZI WA MFUKO WETU

Watu wakisikia "uvumbuzi" wanafikiri kompyuta. Kwetu, ambapo kuleta mashine ya kuchimba ni ghali na barabara zingine hazina usalama, uvumbuzi ni kupata habari ya kweli kwa pesa kidogo. Haya ndiyo tunayoweza kuanza nayo:

Shimo la uchunguzi. Angalau mawili kwa parseli, moja juu na moja chini, yashuke mita moja chini ya kimo cha msingi. Andika rangi, ugumu na unyevu kwa kila tabaka. Acha usiku mmoja, asubuhi angalia kama maji yameingia.

Chupa. Jaza theluthi moja kwa udongo, ongeza maji, tikisa, weka chini. Mchanga unatulia karibu dakika moja, vumbi laini kwa saa kadhaa, mfinyanzi unachukua siku nzima ao zaidi. Unaona kwa macho udongo wako umetengenezwa na nini.

Uzi wa udongo. Viringisha udongo wenye unyevu kati ya mikono. Ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha, na mfinyanzi huo utavimba na kusinyaa ao utashuka polepole. Hiki ni kipimo cha kweli cha maabara, kilichotokana na kazi ya Albert Atterberg wa Uswidi mwaka 1911.

Fimbo ya kupiga. Kuna chombo kinachotumika duniani kote kwa barabara: nyundo ya kilo 8 inayoanguka sentimita 57.5 juu ya fimbo yenye ncha. Unahesabu fimbo imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Mafundi wetu wa kuchomelea vyuma, wanaotengeneza milango, wanaweza kuitengeneza. Kikundi cha wahandisi vijana kumi kikichanga, wana chombo chao. Hakitoi jibu lote, lakini kinaonyesha mara moja wapi parseli ni laini kuliko pengine, na hilo ndilo swali kubwa la nyumba ya nusu-nusu.

Alama kwenye ufa. Usizibe ufa haraka. Paka kipande kidogo cha plasta ngumu juu yake, andika tarehe. Ikipasuka, nyumba bado inatembea. Isipopasuka msimu mzima wa mvua, sasa unaweza kuziba.

Mimea na mawe. Nyasi za vetiva zenye mizizi mirefu inayoshuka wima, gabioni za mawe zinazoruhusu maji kupita, mifereji inayofuata mlima badala ya kushuka moja kwa moja. Babu zetu walilima milima hii, wanajua maji yanataka nini. Mwenye kukata mlima bila kuuliza mkulima amekosa mwalimu.

8. BARABARA KAMA SHULE, NA DAFTARI LA KARTIE

Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua pale Mpondwe, mpakani, mradi wa barabara unaohusu pia kwetu: Kasindi hadi Beni kilometa 80, na Beni hadi Butembo kilometa 54. Bandugu mliosoma ujenzi, barabara ni shule ya bure. Nendeni mtazame namna wanavyojaza tabaka kwa tabaka, wanavyomwaga maji kabla ya kubana, wanavyojenga mifereji kwanza. Yale yale ya parseli, kwa ukubwa tu. Ukienda, uliza kwa heshima. Wengi wanapenda kueleza kazi yao.

Na tukirudi mjini, wazo moja ninaloliweka mbele yenu. Kila mwaka, kwenye miji yetu miwili, watu wanachimba mashimo mengi sana: misingi, visima, vyoo. Kila shimo linafunua ukweli, kisha linafunikwa na ukweli unapotea. Jirani anaanza tena kutoka sifuri. Je, kama kila shimo lingeandikwa? Mahali, kimo, rangi, maji, mwezi gani. Daftari moja kwa kartie, linalotunzwa na shefu wa kartie pamoja na wanafunzi wa ujenzi, na nakala kwenye vyuo vyetu, sawa Université Catholique du Graben. Kisha miaka mitano tungekuwa na ramani ya udongo iliyotengenezwa na sisi wenyewe, kwa bei ya kalamu.

Tunajua kufanya pamoja. Salongo tunaijua. Likelemba tunaijua. Wafanyabiashara wa Butembo walijenga mji huu kwa kuaminiana wakati serikali ilikuwa mbali. Lakini salongo yetu mara nyingi inakuja kisha barabara kukatika na ukuta kuanguka. Tuilete mbele, kabla ya shimo kufunikwa.

Haraka iko kubwa. Vita vimesukuma watu wengi kutoka vijijini kuja mjini, na anayekimbia hachagui kiwanja: anachukua mteremko uliobaki, ao bonde lililobaki. Hao ndio watu ambao hawataweza kumlipa mhandisi. Kama elimu yetu inabaki kwa wenye nyumba za ghorofa tu, basi tumesoma nusu. Asubuhi moja, watu sita kiwanjani, mashimo mawili, chupa moja. Tuanze na hapo, na kila mmoja aanze na parseli ya nyumbani kwao.